Nguo Hazishuki Tena

Ushauri mwingi kuhusu kupanga kabati la nguo huanza na kabati lenyewe. Nunua henga za aina moja, panga mashati kwa rangi, kunja fulana mpaka zisimame zenyewe, weka vikapu kwenye rafu za juu. Mwenye nyumba huifanya kazi hiyo Jumamosi nzima, kabati likapendeza kweli, na baada ya miezi michache milango haifungi tena. Hapo hujilaumu kwa uvivu, au huwalaumu watoto, au huamua kwamba chumba ni kidogo na dawa ni kabati la pili. Lawama hizo zote zinaliacha jambo lenyewe pembeni. Kabati hujaa pale nguo zinapoingia kwa wepesi kuliko zinavyotoka, na mpangilio wa ndani, hata uwe wa kupendeza kiasi gani, haubadili hesabu hiyo. Katika nyumba za Afrika Mashariki hesabu imevurugika pande zote mbili kwa wakati mmoja, mlango wa kuingilia na wa kutokea, na sababu zake zinajulikana. Ni heri kuanzia huko, kabla ya kugusa henga hata moja.

Zamani, na si zamani sana, nguo ilikuwa na ngazi yake ya kushukia. Kanga mpya ilianza kama nguo ya mtoko: ya harusini, ya sikukuu, ya kwenda ugenini. Ikishafuliwa mara nyingi na rangi kupauka, ilishuka ikawa ya kushindia nyumbani na ya kukimbilia dukani. Kutoka hapo ikawa ya kulalia. Ikishalainika kabisa ilipata thamani mpya, kwa sababu hakuna kitambaa cha dukani kinachomfaa mtoto mchanga kama kanga kuukuu: ya kumfunika, ya kumbebea, ya kukatwa nepi. Mwisho ilikuwa tambara la kushikia sufuria, kisha dekio, na dekio lilipochakaa hapakuwa na cha kusaza. Shati la baba nalo lilikuwa na njia yake: la kazini, la shambani, au likafungwa pamoja na sabuni na sukari kupelekwa kijijini kwa mdogo wake. Hakuna aliyekaa chini siku moja akaitangazia nyumba kwamba leo tunapunguza nguo. Kupunguza kulikuwa ndani ya matumizi yenyewe, na kila mtu nyumbani alijua nguo gani iko daraja gani bila kuambiwa.

Ngazi hiyo ilisimama juu ya masharti mawili: nguo ziwe chache, na ziwe za kuchakaa. Tanzania sharti la kwanza ililitimiza kwa uchungu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na viwanda vya nguo, hata vikubwa kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, vilipata shida ya vipuri na malighafi. Kanga na vitenge vilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, ikitafuta bidhaa zilizofichwa, na nguo zilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo watu walivikosa madukani. Aliyekulia katika miaka hiyo alijifunza kwamba nguo haitupwi, kitambaa hakikataliwi, na kipande kilichobaki kwa fundi hurudi nyumbani. Alijifunza vizuri, na wakati ule alikuwa na haki. Tabia hiyo aliwarithisha wanawe, lakini soko walilolikuta wao lilikuwa jingine kabisa.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, katika awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mitumba iliingia kwa wingi na haikutoka tena. Leo belo hufunguliwa Karume na Ilala jijini Dar es Salaam, Gikomba na Toi jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa, Owino jijini Kampala, na kutoka huko nguo husambaa mpaka minada ya vijijini. Mtu anaweza kutoka sokoni na blauzi nne kwa fedha ambayo haimtoshi kumlipa fundi mshono mmoja. Nguvu ya mkondo huu ilionekana serikali zenyewe zilipojaribu kuupunguza. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na nguo zilizotumika ndani ya miaka mitatu. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza baada ya Marekani kutishia kuziondolea nafuu ya ushuru katika soko lake, na Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2018 Marekani iliisimamishia Rwanda nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Kama serikali tatu kati ya hizo nne hazikuweza kuufunga mlango huo, kabati la chumbani lisitegemee kwamba litaachwa salama. Na nyuma ya mitumba kuna kiwanda cha dunia nzima: taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria mwaka 2017 kwamba utengenezaji wa nguo duniani ulikuwa umeongezeka karibu maradufu ndani ya miaka 15, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ikishuka kwa zaidi ya theluthi.

Huo ni upande wa kuingia. Upande wa kutoka umezibwa na jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni aina ya uzi. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia moja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatima ya nguo kuukuu. Gauni la poliesta halifai kuwa dekio, kwa sababu linasukuma maji sakafuni badala ya kuyanywa. Halifai kuwa nepi, wala la kushikia sufuria ya moto, kwa sababu huyeyuka. Halifai hata kulalia katika joto la Tanga au Mombasa. Tena halichakai upesi: hupoteza umbo, huota vifundo, hushika harufu ya jasho, lakini halichaniki. Hata kanga na vitenge vingi vya siku hizi vina poliesta ndani yake. Kwa hiyo nguo inapofikia daraja la pili husimama hapo hapo, haina pa kushukia, na nyingine tatu ziko nyuma yake zinasubiri. Mlango wa kijijini nao umebana. Yule mdogo wa baba anayepelekewa shati ana mnada wa mitumba kila wiki karibu na nyumbani kwake, na shati la kola iliyokatika halioni tena kuwa ni zawadi.

Tukiielewa hali hii, tunaweza kuupima ushauri unaotoka mbali bila kuudharau na bila kuumeza mzima. Maarufu kuliko wote ni wa Marie Kondo, Mjapani ambaye kitabu chake kuhusu kupanga nyumba kilienea duniani katika miaka ya 2010 na kikafuatiwa na kipindi cha Netflix mwaka 2019. Njia yake ni kutoa nguo zote, kuzilundika mahali pamoja, kushika moja moja na kujiuliza kama inakupa furaha; isiyokupa, iage na uiache iende. Sehemu ya kwanza ni ya maana sana. Nguo zilizogawanyika kati ya kabati, sanduku chini ya kitanda, mlango wenye misumari na lile begi kubwa la miraba tuliloliita shangazi kaja hazijawahi kuonekana kwa pamoja, na asiyeziona hawezi kuzihesabu. Lundo moja kitandani husema ukweli ambao rafu nane zinauficha. Sehemu ya pili ndiyo yenye shida. Furaha ni kipimo kizuri kwa mtu anayejivalia mwenyewe. Hapa kwetu nusu ya nguo za mtu mzima huvaliwa kwa ajili ya wengine: baibui, kanga ya kujifunga msibani, kitenge cha kikundi, suti nyeusi ya kusimamia ndoa ya mtoto wa ndugu. Hakuna anayeshika kanga ya msibani akaona furaha, na hakuna mwenye akili atakayeitoa kwa sababu hiyo. Isitoshe, Kondo mwenyewe alieleza mwaka 2023 kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu alilegeza msimamo wake kuhusu unadhifu wa nyumba, jambo ambalo kina mama wengi walilipokea kwa kicheko cha kuridhika.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kazi: nguo hii ina kazi gani, na mara ya mwisho iliifanya lini? Swali hilo linaihifadhi kanga ya msibani, kwa maana kazi yake inajulikana na itaitwa tena, na linaibana ile blauzi ya nne ya rangi ya waridi ambayo ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi. Lakini kujibu kwa uaminifu ni kugumu, na ugumu huo umechunguzwa. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo. Nusu yao walipewa kikombe, kisha wakaulizwa wangekiuza kwa bei gani. Wenzao wasiopewa wakaulizwa wangekinunua kwa bei gani. Kikombe kilikuwa kile kile, lakini waliokishika kwa dakika chache tu walidai bei ya mara mbili na zaidi ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinapandishwa thamani kiasi hicho, tusishangae kwa gauni la miaka sita. Mwenye kabati si hakimu mzuri wa mali yake.

Hapa ndipo sisi tunao msaada ambao Mjapani au Mwingereza hana, nao ni soko la mitumba lenyewe. Karibu kila mtu mzima wa mjini anajua bei ya shati la mtumba la daraja la kwanza, la pili, na lile linalouzwa kwa lundo jioni mfanyabiashara akitaka kurudi nyumbani. Basi nguo unayosita kuitoa iondoe kabatini kwa mawazo, itundike pale Karume au Gikomba kati ya nyingine, ujiulize: ningeikuta leo ningeinunua? Kwa bei gani? Ningeijaribu mara mbili au ningeipita? Swali la kawaida, kama unaweza kuiacha, linakuweka upande wa muuzaji, na muuzaji hukadiria juu. Swali la soko linakuhamishia upande wa mnunuzi. Nguo nyingi zilizokuwa haziachiki huanguka hapo, na zinaanguka bila majuto kwa sababu hukumu umeitoa wewe mwenyewe kwa macho makavu.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla halijatamkwa: akiba haiozi. Iweke tu, siku moja utaihitaji. Methali hiyo ni ya kweli kwa mengi, lakini si kwa nguo za pwani. Ukungu huota kwenye kitambaa pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya kama asilimia 70, na katika miji ya mwambao kiwango hicho hupitwa siku nyingi za mwaka, hasa masika. Kabati lililobanwa ukutani na kujazwa mpaka hewa haipiti ndilo shamba bora la ukungu huo. Lastiki hukauka na kulegea hata isipovaliwa. Ngozi bandia ya viatu na mikoba, ile yenye tabaka la polyurethane, huvunjwa na joto na unyevu kidogo kidogo. Ndiyo maana kiatu kilichotunzwa miaka mitano kwa ajili ya harusi hutoka kwenye boksi kikimenyuka kama kitunguu, wakati pengine kingevaliwa kila Jumapili kingeshamaliza kazi yake kwa heshima. Chuma cha zipu hushika kutu na kutu huingia kwenye kitambaa. Anayetunza nguo asizovaa kwa hoja ya akiba anapaswa kujua kwamba anachotunza kinapungua, na kinapungua upesi zaidi kadiri alivyokibana.

Hofu hiyo ya kuharibika ndiyo inayowafanya wengi watumbukize vidonge vya naftalini kila pembe, na hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili si la unadhifu tu. Naftalini hutumika kufukuza nondo wa nguo. Lakini nondo huyo hana kazi na nguo zetu nyingi. Anayekula ni buu wake, na chakula chake ni sufu, hariri, manyoya, vitu vyenye asili ya mnyama; pamba safi na poliesta hazimfai. Kabati la Zanzibar lenye madera, kanzu za pamba na kanga halina cha kumlisha isipokuwa labda joho moja na sweta la safari. Upande wa pili, mvuke wa naftalini huvunja chembe nyekundu za damu kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo umeenea zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, yaani maeneo yetu. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivikwa nguo zilizokaa na vidonge hivyo anaweza kupata manjano kali na kupungukiwa damu vibaya. Nguo za mtoto zinazosubiri mdogo wake ni miongoni mwa chache ambazo ni halali kabisa kuzitunza, lakini zitunzwe bila naftalini: zifuliwe, zikauke hasa juani, zipigwe pasi, zifungwe kwenye shuka la pamba na si kwenye mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani. Udi wa kufukizia nguo hutoa harufu nzuri na una heshima yake ya miaka mingi, ila haukaushi unyevu. Kinachokausha ni hewa na jua. Kabati lisogezwe kidogo kutoka ukutani, lifunguliwe mchana wa jua, lisijazwe mpaka mkono usipite.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kwa wanawake wengi wa pwani, na siku hizi wa bara pia, doti za kanga na vipande vya vitenge ni mali. Zimenunuliwa kwa fedha yake mwenyewe au amezawadiwa yeye, hakuna anayeweza kuziingilia, na siku ya shida au ya shughuli zinatoka. Kumwambia apunguze ni kama kumwambia afunge akaunti. Nakubali, na ndiyo maana kanga mpya ambazo hazijakatwa wala kupindwa hazipaswi kuhesabiwa kama nguo kabisa. Hizo ni hazina, na hazina hukaa mahali pake: sanduku au rafu moja, zikunjwe doti kwa doti huku maandishi yakionekana, ili ukitafuta ya kumpelekea mzazi usije ukabeba yenye maneno ya kumsuta mke mwenza. Lakini mali hii hukaa na thamani yake kwa kuzunguka. Kanga hupelekwa kwa mzazi, kwa bibi harusi, kwa mfiwa, na kwa mzunguko huo hurudi nyingine. Iliyokaa miaka kumi chini ya sanduku mpaka ikashika alama za manjano kwenye mikunjo haipelekwi kwa mtu bila aibu. Kwa hiyo hata anayezihesabu kama mali ana sababu ya kutoa za zamani kwanza na kuweka mpya chini, jambo ambalo wachache hulifanya, maana mkono huchukua ya juu.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yote ni ya wenye vyumba vinne, na kwamba anayeishi chumba kimoja cha kupanga hana cha kupunguza. Hali halisi ni kinyume. Mwenye vyumba vinne anaweza kuishi na ziada yake miaka mingi bila kuumia. Chumba cha ziada ni kabati kubwa tu. Mwenye chumba kimoja hulipa kodi kwa kila futi, na begi la nguo asizovaa limekaa mahali ambapo mtoto angewekewa meza ya kusomea.

Baada ya kuamua kinachobaki, kupanga ni kazi fupi, na sheria yake ni moja: nguo hukaa karibu na mkono kwa kadiri inavyovaliwa. Lugha yetu imeshazigawa: za kazini au shuleni, za kushindia, za mtoko, za ibada, za shughuli na misiba. Mgawanyo huu unafaa kuliko ule wa rangi, kwa sababu asubuhi mtu hatafuti nguo ya kijani, anatafuta nguo ya kwenda kazini. Za kila siku zikae kati ya kiuno na macho. Za shughuli ziende juu. Za kushindia zipewe droo yao ili zisizagae juu ya kiti. Kanzu, baibui, suti na gauni refu hutundikwa, na kabati la kutundikia linahitaji kina cha kama sentimeta 60, la sivyo mabega hugusa mlango na kujikunja. Seremala aelezwe hilo mapema. Sweta hukunjwa, kwa sababu likitundikwa hurefuka. Vitabu vya Ulaya husisitiza kubadilisha kabati kila msimu, ushauri usiotuhusu sana, isipokuwa kwa wa Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru ambao Juni na Julai wanahitaji makoti yashuke.

Kwa nguo zenye mashaka, kuna njia isiyohitaji ujasiri. Geuza henga zote, kulabu zielekee kwako. Kila unapovaa na kurudisha, geuza irudi upande wa kawaida. Za kukunjwa, rudisha zilizofuliwa kulia tu. Acha mwaka mzima upite, si miezi mitatu kama wengine wanavyoshauri, kwa sababu mwaka wetu hauwi kamili mpaka upite Idd, Krismasi, msimu wa harusi, baridi ya kipupwe na msiba mmoja au miwili. Ambayo haikuguswa katika yote hayo imejieleza. Na lile lundo linalosubiri fundi cherehani, la vifungo vilivyokatika na viuno vya kupunguzwa, lipewe tarehe. Likipita mwezi halijafika kwa fundi, mwenye nalo ameshajibu bila kusema.

Zinazotoka zitoke kwa daraja lake. Za pamba zikatwe matambara nyumbani, zina kazi bado. Nzima zitolewe zikiwa zimefuliwa na zipu imerekebishwa, na zitolewe kwa mtu anayejulikana kuzihitaji kwa kimo na umri wake, kwa sababu kutupa shangazi kaja zima mlangoni kwa ndugu ni kuhamisha tatizo kutoka kabati lako kwenda lake. Za poliesta zilizochoka ndizo ngumu, na ukweli usiopendeza ni kwamba nyingi mwisho wake ni jalala. Ugumu huo ufikiriwe wakati wa kununua, si wakati wa kutupa: kabla ya kulipa, geuza kola usome kibandiko. Nguo ya pamba ina maisha manne au matano mbele yake, ya poliesta ina moja na nusu.

Zimebaki sare, chanzo cha nguo ambazo hata mwenye nidhamu ya sokoni hawezi kuzikwepa. Kichenpati ina kitambaa chake, sendoff chake, harusi chake, na mtu mwenye ukoo mpana na marafiki wa kazini hushona magauni kadhaa kwa mwaka ambayo kila moja lina siku moja ya kuvaliwa. Kuikataa sare ni kuwakataa watu, na hakuna mpangilio wa kabati unaostahili kumgombanisha mtu na shangazi zake. Lakini sare huamuliwa na kamati, na kamati ni watu hawa hawa wanaolalamika kwamba makabati yamejaa. Inaweza kutaja rangi badala ya kitambaa, kila mtu aje na alichonacho cha bluu au cha zambarau. Itajibiwa kwamba picha hazitapendeza, na huenda ni kweli, ingawa safu ya bluu za aina nane nayo ina uzuri wake na inamfaa mnene na mwembamba sawa. Kamati ikishikilia kitambaa kimoja, basi kiwe cha pamba, na washonaji waachwe huru kuchagua mshono, ili atakaye ashone blauzi na sketi aende nayo kazini Jumatatu.